Samaki wa Sentimita Thelathini

Nguzo ya kwanza ilianzia kwenye moja. Hilo ndilo nililoliona, nikiwa nimekaa safu ya tatu kwenye ukumbi wa idara, kalamu mkononi, viatu vikinibana. Projekta ilikuwa imetandaza mchoro ukuta mzima: nguzo ya bluu ya waliopata samaki mmoja, nguzo ya waliopata wawili, watatu, na kuendelea hadi kumi. Ile ya samaki mmoja ilikuwa ndefu kupita zote, imesimama kama mlingoti wa bendera. Upande wake wa kushoto, mahali ambapo mimi kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikiandika watu wengi kuliko penginepo popote, palikuwa peupe.

"Samahani," nikasema. Sikunyoosha mkono, nilisimama tu. "Sifuri iko wapi?"

Mkuu wa idara aligeuza shingo taratibu, kama mtu aliyesikia mlango ukilia.

"Mama Rula, maswali ni mwisho."

"Hili haliwezi kungoja mwisho."

"Kaa kwanza, mama."

Nikakaa. Hadi leo sijajisamehe zile dakika ishirini nilizokaa, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Nikaiona tena Jumapili ile, sufuria jikoni, simu mkononi mwa mwanangu, na mdomo wangu mwenyewe ukisema neno dogo la kijinga.

Jina la Mama Rula nilipewa na wavuvi wa ukutani. Sizungumzii wavuvi wa nyavu wanaovua wauze. Hawa ni watu wa fimbo na ndoano, wanaokuja kukaa juu ya ukuta wa bwawa kupumzisha kichwa: wastaafu, mafundi siku ya mapumziko, wanawake wawili watatu waliochoka kukaa majumbani. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabu. Nilikuwa na stashahada ya uvuvi kutoka chuo, ubao wa kupimia uliopigiliwa rula, mizani ya kuning'iniza, na daftari. Siku na saa za kwenda zilipangwa kwa kura ofisini ili nisijichagulie za kunipendeza. Kwa hiyo kuna siku nilitembea ukuta ule kwenye mvua nikahesabu fimbo tatu, na siku nyingine fimbo mia na zaidi. Kisha nasimama langoni, na kila anayetoka namuuliza maswali mawili: umekaa muda gani, umepata nini. Ukishajua hayo, na ukijua watu wako wangapi, unaweza kukadiria bwawa limetoa samaki kiasi gani. Hakuna uchawi hapo. Ni miguu na subira.

Jibu nililolisikia kuliko lolote lilikuwa kapa. Katika kila watu kumi, saba walitoka kapa, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kulitamka.

"Andika nimelisha bwawa."

"Leo samaki wako mfungo."

Kulikuwa na konda mmoja wa basi, mstaafu, mwembamba kama fimbo yake, ambaye jibu lake halikubadilika: "Andika nilimwona, akaniona, tukaachana kwa amani."

Mimi naandika 0. Naifunga vizuri juu, maana sifuri iliyoachwa wazi karani mvivu ataisoma sita.

Baba yangu ndiye aliyeongoza kwa sifuri. Alikuwa fundi saa, naye alistaafu macho yalipomkataa. Mama alipofariki, alikaa miezi minne bila kusema zaidi ya "ndiyo" na "nimeshiba". Kaka zangu walimwaga ushauri kwa simu, kila mmoja kutoka huko mbali aliko. Mimi nilimtafutia fimbo. Nikampeleka ukutani asubuhi moja, nikamketisha kando ya konda, nikaenda zangu kazini upande wa lango. Alasiri niliporudi kumchukua nilimkuta anabishana. Chambo cha unga ni bora au minyoo, sijui. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, kidole hewani, anamwambia mtu mzima mwenzake kwamba hajui kitu. Nilirudi langoni nikalia kidogo, halafu nikapima samaki wa mtu.

Tangu hapo alikwenda siku nne kwa wiki, na hakupata kitu. Mikono iliyofungua saa ndogo kama ukucha ilikuwa imeanza kutetemeka, na samaki huusikia mtetemo kwenye mshipi mapema tu. Alijua hilo, wala halikumkosesha usingizi.

"Fundi," konda atamwambia, "leo tena saa imesimama?"

"Saa yangu haijawahi kusimama. Samaki wako ndio hawajui wakati."

Ndivyo walivyoishi, mpaka alipoletwa Bwana Bonyeza.

Alikuwa mtaalamu mshauri, shati limenyooka kama karatasi. Jina tulimpa sisi wa idara, kwa kuwa hakuna swali alilojibu bila neno hilo. Fomu ingetumwa kwenye simu ya kila mwenye leseni. Mtu anabonyeza kiungo, anajibu maswali sita, anabonyeza tuma, kwisha. Hakuna tena mtu wa kutembea ukutani na ubao. Wapo waliosema baadaye kwamba niliipinga fomu ile kwa kulipenda daftari langu. Uongo. Magoti yangu hayakulipenda daftari hata kidogo. Fomu ya simu ikitungwa vizuri, na ukajitahidi kuwatafuta waliokaa kimya, ni kitu kizuri. Nilimuuliza maswali mawili tu siku ile.

"Wasiojibu?"

"Tutawatumia ukumbusho. Wanabonyeza tu."

"Na wazee wasio na simu za kubonyeza?"

"Familia zitawasaidia, mama. Siku hizi kila nyumba ina kijana."

Kuniomba niyasome yale maswali sita kabla hayajatumwa, hilo halikumpitia kichwani. Mkuu naye hakukumbuka. Miaka kumi na mmoja langoni, na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza watu hujibu nini.

Basi ikaja Jumapili. Mchana, sufuria mbili motoni, nguo zimelowekwa kwenye beseni, na kitinda mimba wangu, msichana wa kidato cha nne, amekaa kwenye kigoda cha jikoni ameshika simu yangu. Leseni ya baba niliiandikisha kwa namba yangu, kwa hiyo fomu yake ililetwa kwangu.

"Babu, wiki hii umeenda mara ngapi?"

"Nne."

"Safari ya mwisho ulikaa muda gani?"

"Saa tano na dakika arobaini."

"Babu, hawataki dakika."

"Shauri yao. Mimi nimekaa na dakika arobaini."

"Haya. Samaki wangapi?"

Baba alicheka kwa pua. "Andika ukweli," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nikasikia mwanangu anagonga kioo cha simu kwa kidole. Mara ya kwanza, ya pili.

"Mama, inakataa."

"Inakataa nini?"

"Sifuri. Inatoa maandishi mekundu. Nikiacha wazi pia inakataa."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu mara tatu. Mama, kitu kinaungua."

Kweli kilikuwa kinaungua. Nikakimbilia sufuria, nikaungua kidole, na nikiwa nimekitia mdomoni nikasema, "Weka moja, tule."

"Inauliza urefu wake."

"Weka thelathini."

Akaweka. Simu ikatushukuru kwa mchango wetu katika kuhifadhi bwawa. Ikaleta hata picha ya samaki anayetabasamu.

Mimi huyo. Mimi niliyewahi kumrudisha mtu langoni kwa kuniongezea samaki mmoja wa kujisifia, nikamwambia hapa hatuandiki ndoto.

Ukumbini Bwana Bonyeza aliendelea. Leseni zilikuwa zaidi ya elfu tano. Waliojibu mia sita na kumi na mbili. Wastani wa samaki kwa kila safari, watatu na ushee. Akaupeleka wastani ule kwa wenye leseni wote, waliojibu na wasiojibu, akazidisha kwa safari zao, na matokeo yake yakaonekana kwa herufi kubwa: wavuvi wa kujiburudisha wanatoa samaki mara sita ya makadirio ya zamani. Makadirio ya zamani yalikuwa yangu. Mkuu akasimama akasoma uamuzi. Ukuta utafungwa kwa watu wa fimbo, msimu mzima, ili bwawa lipumue. Klabu ya boti, upande wa pili, itaendelea kwa kuwa ina utaratibu wake.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa safu ya mbele, anatikisa kichwa kwa huzuni ya heshima. Watu wake walitumiana kile kiungo kwenye kundi lao la simu na kuhimizana kujibu, maana wao huona fahari kusema walivyovua. Watu wa boti ndio waliokuwa wanapata samaki sita, saba, kumi. Na samaki wao walikuwa wanahesabiwa juu ya kichwa cha baba yangu.

Nikasimama tena. Safari hii sikusema samahani.

"Kila mwenye simu aitoe. Fungueni fomu. Jazeni kwamba mmeenda kuvua, mmekaa saa tano, hamkupata kitu."

"Mama Rula," alianza mkuu.

"Dakika moja tu, mkuu. Bonyezeni."

Dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Ee! Imekataa kweli." Kisha mwingine nyuma, kisha minong'ono safu nzima. Maandishi mekundu, yaleyale: tafadhali weka namba kuanzia 1.

Bwana Bonyeza alikohoa. "Hiyo iliwekwa ili watu wasiache kisanduku wazi."

"Umewafungia nje waliotoka kapa. Ambao ndio wengi. Mwenye aibu kaachana na fomu, mwenye haraka kaandika moja. Itazame hiyo nguzo yako ndefu. Hao si watu waliopata samaki mmoja."

"Tusikuze kasoro ndogo ya kiufundi," mkuu akasema. Kisha akaniinamishia kichwa, sauti laini. "Na wewe ulijuaje?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nimebahatisha. Lakini mwongo tayari nilikuwa nimeshakuwa, sikutaka kuongeza.

"Kwa sababu nilimwandikia baba yangu samaki ambaye hakumpata."

Walicheka. Nakisikia bado kile kicheko. Kilikuwa cha watu waliotua mzigo, waliopata ghafla wa kumtwika.

"Kumbe," akasema mkuu, "aliyetuharibia takwimu ni karani wetu wa takwimu."

Mwenyekiti wa klabu alicheka mpaka akafuta macho. Nikauliza kama uamuzi utaahirishwa, kwa kuwa umesimama juu ya fomu isiyojua kuhesabu. Nikajibiwa kwamba barua imeshatiwa saini.

Uzio uliwekwa wiki ile ile. Kubadili tarakimu moja kwenye fomu kulihitaji kikao, lakini waya, nguzo za chuma na kufuli vilipatikana kwa siku tatu. Baba alifika na ndoo yake na fimbo yake, akasoma kibao mwanzo hadi mwisho, akarudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha sebuleni na kofia kichwani.

Nikamwambia. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani, nikamweleza kuhusu kisanduku, kuhusu nguzo ndefu, kuhusu mdomo wangu.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umeniandikia samaki?"

"Mmoja, baba."

"Wa ukubwa gani?"

"Sentimita thelathini."

Akafikiri. "Ungenipa hata wa arobaini."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha, na hilo ndilo lililoniuma. Usiku chakula kilipotengwa akasema, "Nimeshiba." Kesho yake pia. Konda alikuja kumtembelea mara moja. Walikaa sebuleni, wanatazamana, kila mmoja na glasi ya maji. Watu wa ukutani hawajui kuongea wakitazamana. Miaka yote ile walikaa ubavu kwa ubavu, macho majini, na maneno yalikuja yenyewe. Baada ya nusu saa konda aliaga. Mlangoni akaninong'oneza, "Mama Rula, huyu mzee anazimika."

Nilikasirika hasira ya kufanya kazi. Nyingine sina.

Madaftari yangu yalikuwa na namba za simu walizoniachia wavuvi langoni. Nikachukua orodha ya wasiojibu fomu, nikaandika namba zao kwenye vikaratasi, mwanangu akavichanganya kwenye bakuli la unga, akafumba macho akachomoa mia mbili. Kura, kama zamani, ili mtu asije akasema nimechagua marafiki. Tukapiga. Mimi saa ya chakula cha mchana, nimekaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi. Yeye akitoka shule, kwa sauti ya kikarani aliyoiga kwangu mpaka nikaona haya.

"Shikamoo, naomba kukuuliza, safari yako ya mwisho bwawani ulipata samaki wangapi? Hakuna? Asante. Hapana mzee, sicheki. Naandika."

Waliopokea walikuwa mia na arobaini na sita. Kapa, mia na tisa. Mwanamke mmoja aliniambia alijaza fomu mara nne, ikamkataa, akadhani simu yake mbovu, akaenda kuitengeneza. Mzee mwingine akasema, "Kumbe sifuri nayo mnaitaka? Mimi nilidhani mnatafuta wavuvi." Nikakaa na sentensi hiyo kwenye zile ngazi mpaka muda wa chakula ukaisha.

Kisha nikaandika barua, kurasa mbili. Sentensi ya kwanza ilisema: mimi ni miongoni mwa waliojaza uongo, na naomba nieleze ni kwa nini fomu yetu haikutuachia nafasi ya kusema kweli. Nikaambatanisha jedwali, nikapeleka nakala kwa mkuu na nyingine wizarani, kwa mkono, nikadai muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu.

Wiki mbili baadaye nilihamishiwa stoo. Nikawa nahesabu makoti ya kujiokolea na maboya. Mkuu alisema ni kwa manufaa ya kazi. Nilimwambia maboya angalau hayadanganywi wala hayadanganyi, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Ukuta ulifunguliwa baada ya miezi saba. Hakukuwa na samahani. Tangazo lilisema "kufuatia maboresho ya mfumo". Maboresho yenyewe yalikuwa ni kufuta 1 na kuweka 0. Bwana Bonyeza alipewa mradi mwingine, wa kuhesabu ndege, na nikiona ndege sasa huwa nawahurumia.

Miezi saba si kitu kwa bwawa. Kwa mtu wa umri wa baba ni mingi. Alirudi ukutani na mkongojo, na kiti cha kukunja nilichombebea mimi. Konda alikuwa ameshafika. Hakumsalimia. Alisogeza tu ndoo yake kando, pale palepale, kama vile baba alikuwa ameenda kujisaidia akarudi.

"Fundi, umechelewa."

"Nilikuwa natengeneza saa yako. Imenishinda."

Nilikuwa likizo siku ile, nikabaki nao. Saa mbili zilipita, ya tatu, na ubishi ukaanza, minyoo na unga, mikono ikapanda hewani. Ilikuwa katikati ya ubishi huo, baba haangalii hata maji, fimbo ilipoinama.

Konda alipiga ukelele ambao hata klabu ng'ambo waliusikia. Baba alivuta kwa ile mikono inayotetemeka, taratibu, kama anachomoa skrubu ya saa ya kike, na samaki akaja juu ya ukuta akipiga mkia.

Ubao nilikuwa nao kwenye mkoba. Mazoea. Nikaulowesha maji, nikamlaza.

"Usimwandike," baba akasema.

"Kwa nini?"

"Huyu mlishamwandika."

Konda alicheka akashika mbavu. Mimi niliinama nikasoma rula, kichwa kimegusa sifuri, mkia umekunjuliwa vizuri. "Ishirini na sita na nusu."

"Mlisema thelathini," baba akasema, akamchukua kwa mikono miwili, akashuka kwa shida hadi goti likagusa jiwe, akamrudisha majini.

Nikatoa simu, nikafungua fomu. Mara ngapi, muda gani, samaki wangapi. Nikaweka moja. Ikauliza urefu. Nikaandika 26.5, nikabonyeza.

Maandishi mekundu. Tafadhali weka namba kamili.

Konda alichungulia begani kwangu. "Weka ishirini na saba, Mama Rula. Nani atajua?"

Baba alikuwa anafunga chambo kipya, hajageuka, lakini mikono ilikuwa imetulia kidogo, kama mtu anayesikiliza. Niliitia simu mkobani, na kutoka mkoba ule ule nikatafuta daftari na kalamu.